Aliyeshika chetezo ni nani? Kisa cha picha moja ya arusi mjini Lamu

Majina ya watu, jina la mtaa na mwaka wa kazi yenyewe vimeondolewa. Herufi nilizotumia si herufi za majina yao. Ninakiandika kisa hiki kwa ajili ya yeyote anayetaka kukusanya picha na masimulizi ya wazee mtaani kwake, maana tulipoanza hatukupata mtu wa kutueleza tungekwama wapi.

Usuli

Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Nyumba zetu zimepimwa, zimechorwa na kupigwa picha kwa wingi: madaka (vibaraza vya mlangoni), zidaka (vishubaka vya ukutani), milango ya nakshi, kuta za matumbawe na chokaa, dari za boriti. Mtu akitaka kujua ukuta wa Mkomani, upande wa kaskazini wa mji, ulijengwaje, atapata jibu. Akitaka kujua nyumba ile miaka ya 1950 alikaa nani, alipika nini, alimuoza nani binti yake na nani alikuja kushika kazi siku hiyo, basi hana budi kwenda kwa wazee, na kwenye mabati ya biskuti yaliyowekwa juu ya makabati, yamejaa picha.

Wazee wanaondoka, na picha nazo zinaliwa na hewa yetu ya chumvi na unyevu. Picha za zamani za rangi nyeusi na nyeupe hutoa mng'ao kama wa fedha kwenye sehemu za giza, kisha hufifia kuanzia kingoni. Zile za rangi za miaka ya 1970 na 1980 hugeuka wekundu, kwa kuwa rangi zake nyingine hufa mapema. Zaidi ya yote ni zile albamu za kurasa za gundi zilizopendwa sana wakati ule. Gundi inashika, plastiki inajibana, na ukivuta picha unabaki na nusu uso. Mama mmoja alitufungulia albamu iliyoloa katika mvua za El Nino za 1997, akatuonyesha kurasa zilizogandamana kuwa kama tofali. Hakuwa ameitupa. Alisema ndani yake yumo mamake.

Tulikuwa watu sita, vijana watano, wawili kati yao wasichana, pamoja nami niliyekuwa nikiratibu. Tulichagua mtaa mmoja wa upande wa Langoni, kusini mwa mji, kwa sababu mbili. Langoni imeandikwa kidogo kuliko Mkomani, na sisi wenyewe ni watoto wa huko.

Mpango

Jambo la kwanza tuliloamua ni kwamba hakuna picha itakayotoka nyumbani kwa mwenyewe. Tuliwasikia wazee wengi wakilalamika kwamba waliwahi kuazima mtu picha, akaenda nazo asirudi. Kwa hiyo tulibeba skana ndogo na kompyuta, tukakaa msanani, yaani ukumbini mwa mwenye nyumba, tukaskani mbele ya macho yake kwa nukta 600 kwa inchi, faili za TIFF. Picha iliyoshika kwenye gundi tuliinyanyua kwa uzi wa kusafishia meno, polepole, tukiupitisha chini yake kama anayekata ugali. Iliyogandana na kioo cha fremu hatukuigusa, tuliiskani hivyo hivyo na kioo chake.

Tuliskani na migongo. Hili nalisisitiza, kwa sababu nusu ya tuliyoyajua yalitoka mgongoni: tarehe ya kalamu ya risasi, salamu ya mtu aliyekuwa Zanzibar, mhuri wa studio. Lamu ina wapiga picha wake wa zamani, na anayejulikana zaidi ni Omar Said Bakor, aliyefungua studio yake hapa miaka ya 1960 na kuunganisha picha mbili tatu kuwa moja kwa mkasi na gundi. Kwa hiyo vijana walikatazwa mapema kuamini kila wanachokiona. Watu wawili waliosimama bega kwa bega kwenye karatasi huenda siku ile hawakuonana.

Kisha tulirekodi sauti, mzee akiwa na picha mkononi. Ukimwambia mzee, "Tueleze maisha ya zamani," atakupa mawaidha. Ukimpa picha atakwambia mtumbwi ule ulikuwa wa nani na deni lake halikulipwa hadi leo.

Fomu ya ridhaa tuliitunga kwa Kiswahili, tukizingatia Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Mwenye picha alichagua kama itaonyeshwa hadharani, itaonyeshwa kwa wanawake tu, au itahifadhiwa bila kuonyeshwa, na alikuwa na haki ya kuiondoa siku yoyote. Tuliiona fomu hiyo kuwa nzuri. Ilikuwa na nafasi ya sahihi ya mwenye albamu peke yake, na hapo ndipo tatizo lilipokuwa limelala.

Kazi ilivyokwenda

Miezi ya kwanza ilikuwa ya heri. Mzee K., nahodha mstaafu, alipewa picha ya Usita wa Pwani, njia ya ufukweni, isiyo na tarehe. Aliiangalia kidogo akasema ni kaskazi. Kwa nini? Kwa sababu majahazi makubwa ya Arabuni yametia nanga, na hayo huja na kaskazi kisha huondoka kusi ikianza. Akaonyesha malundo ya boriti za mikoko ufukweni yakingoja kupakiwa. Serikali ilipiga marufuku kuuza mikoko nje mwaka 1982, kwa hiyo picha ile huenda ni ya kabla ya hapo, ingawa boriti za kujengea hapa nchini ziliendelea kukatwa na lundo peke yake halithibitishi. Akaeleza pia kwamba wazee wake walimwambia maji yalikuwa yakifika tini (chini) ya ngome. Ngome ilikamilika mwaka 1821 ukingoni mwa bahari, na ardhi iliyoko mbele yake leo ni ya kujazwa. Kuhusu ngome yenyewe alinyamaza. Ilikuwa jela mpaka 1984, na alikuwa na ndugu aliyepita humo.

Mazungumzo hayo ya saa nzima tuliyarekodi kwa simu, tumeketi barazani, uso kwa bahari, mwezi wa Julai. Tuliporudi kuyasikiliza tulisikia kusi. Sauti ya mzee ilikuwa mbali, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya Manda. Tukasema tutarudi. Tulikawia wiki tatu, na Mzee K. akafariki dunia. Niliyoyaandika hapo juu yalitoka kwenye daftari la msichana mmoja aliyekuwa na mazoea ya kuandika, na mengine yote yalikwenda na upepo. Tangu siku hiyo tulirekodi ndani, kwa kinasa sauti chenye sifongo, na kila rekodi ilisikilizwa kabla ya kuaga.

Lingine dogo: kijana aliyenakili masimulizi alikuwa akiyasafisha. Mzee anasema "ndia", "mtanga", "nti", "mato". Yeye anaandika njia, mchanga, nchi, macho, kama alivyofunzwa shuleni. Tulimsimamisha, akaanza upya. Tungemwacha, tungehifadhi habari za Lamu na kukitupa Kiamu, lahaja yetu.

Picha ya arusi

Bi Z. alitufungulia albamu iliyo bora kuliko zote, arusi ya dada yake mkubwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwenye picha moja bibi arusi amekaa, nyuma yake zidaka zimepangwa sahani, na mlangoni amesimama mwanamke wa makamo ameshika chetezo, moshi wa udi umemfunika nusu ya bega. Mkono wake wa kulia una kekee, yaani bangili, nene ya fedha. Ndiye pekee aliyeangalia kamera sawasawa.

Kijana wetu aliuliza, "Na huyu, Bi?" Bi Z. akajibu kwa sauti ya mapenzi, "Huyo alikuwa mja wetu. Ndiye alotulea."

Ni lazima nieleze neno hilo. Mja, kwa matumizi ya zamani ya Lamu, ni mtumwa. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani yetu mwaka 1907, lakini majina hayakufutika pamoja nao. Watu waliobaki karibu na nyumba za waungwana waliendelea kuitwa hivyo vizazi viwili vitatu, wakiwa huru, wakiwa na kazi zao, wakiwa na nyumba zao. Aliyekua ndani ya nyumba kubwa anaweza kulitamka neno hilo kwa kumbukumbu njema. Aliye upande wa pili analisikia kama kofi.

Kijana aliyeandika maelezo ya picha alizaliwa baada ya 2000. Alisikiliza rekodi, akaandika: "Bibi arusi na mja wa familia." Mimi niliyasoma maelezo yote kabla hayajachapishwa. Niliangalia tahajia.

Usiku wa maonyesho

Tulipanga maonyesho katika Mfungo Sita, wakati wa Maulidi ya Riyadha, watu wa Lamu walioko Mombasa, Malindi na Zanzibar wanaporudi. Picha zilitundikwa kiwandani mwa nyumba moja, yaani ule ua wa ndani. Usiku wa kwanza wa wanaume, wa pili wa wanawake, na picha za wanawake walio bila buibui zikitundikwa usiku wa pili peke yake.

Usiku wa wanawake alikuja Bi R., mwanamke wa mtaani anayeuza mkate wa mofa, na binti yake. Msichana wetu aliyekuwa mlangoni ndiye aliyenisimulia. Bi R. alizunguka kwa raha, akicheka na kutaja majina, mpaka alipofika kwenye picha ya arusi. Alisimama. Hakusoma maelezo kwanza, aliuangalia mkono. Akakunja mkono wa buibui lake mpaka kiwikoni, akaiweka kekee yake karibu na picha. Ilikuwa ile ile, na bonde dogo pembeni ambapo iliwahi kugongwa.

"Nyanya yangu," akasema. Binti yake, anayesoma sekondari, akamsomea maneno yaliyo chini.

Hakupiga kelele. Aliuliza, "Nani alosema ni mja?" Akauliza tena. Wanawake waliokuwa karibu walianza kuondoka mmoja mmoja. Kisha akasema maneno ambayo msichana wetu aliyaandika usiku ule ule: "Huyu alikuwa somo wa yule bibi arusi. Alimfunda yeye. Na nyumba nnayokaa mimi aliinunua kwa mkono wake, kwa mofa."

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa msichana yule, na ulikuwa sahihi. Hakunipigia simu kuuliza. Aliishusha picha pamoja na maelezo yake, akamkabidhi Bi R. ile nakala aondoke nayo. Angebandua maelezo tu na kuiacha picha ukutani, kila aliyekwisha kuyasoma angeendelea kuyasoma.

Uamuzi wa pili ulikuwa wangu, na ulikuwa mbaya. Niliona usiku umekuwa mkubwa, nikasema nitamwendea Bi Z. asubuhi pamoja na mama mmoja wa makamo anayeheshimika pande zote mbili. Sikufikiria simu. Mtu alikwisha kuyapiga picha maelezo yale, yakazunguka kwenye WhatsApp, na alfajiri jamaa za Bi Z. walioko Mombasa walikuwa wakimpigia kumuuliza kwa nini ameanika mambo ya nyumba. Tulipobisha hodi alikuwa amekwisha kulia.

Uamuzi wa tatu ndio uliotugawanya. Tuifanyeje rekodi ya Bi Z.? Wawili kati ya vijana walitaka ifutwe kabisa. Walisema neno lile ni dhuluma, na sisi si wa kuilea. Nilikataa, na bado nakataa. Lamu kulikuwa na utumwa. Tukifuta kila sauti inayoutaja, wajukuu wa waliokuwa watumwa ndio watakaokosa ushahidi. Lakini kuhifadhi si kutangaza. Tuliifunga rekodi ile: haisikilizwi na yeyote mpaka nyumba zote mbili ziridhie.

Uamuzi wa nne ulikuwa wa kwenda kwa Bi R. na kinasa sauti, si na pole mikono mitupu. Tulichukua wiki mbili kuomba. Mwanzo alisema hana la kusema na watu wa skana. Alikubali alipoambiwa kwamba atasikiliza kila neno na kukata lolote kabla ya kuhifadhiwa.

Matokeo

Bi Z. alitumia haki yake kwenye fomu, akataka picha zake zote ziondolewe. Tuliziondoa kwenye nakala zote tatu: diski mbili za hapa na ile inayokaa Mombasa. Ilikuwa albamu bora kuliko zote, na kubofya kufuta mara tatu ni kazi nzito kuliko nilivyodhani. Aliacha moja tu, ile ya arusi, baada ya mama tuliyemtuma kukaa naye mara kadhaa. Masharti yalikuwa isionyeshwe hadharani, na nakala apewe Bi R. kwa jina la nyanyake. Hayo yalitekelezwa.

Bi R. naye alitoa masimulizi ya saa mbili, na siku ya tatu akatoa bati lake. Ndani mlikuwa na picha ambazo hatukuwahi kuona mfano wake kwenye albamu za nyumba kubwa: wanawake wanaosonga unga wa mofa, kofia zinazotiwa nakshi barazani, mtoto amekaa kwenye punda aliyebeba matumbawe. Kwenye nyingine yumo mwanamke wa chetezo akiwa amezeeka, mbele ya nyumba yake ya makuti, na kekee mkononi.

Maelezo ya picha ya arusi katika hifadhi sasa yanasema: "Bibi arusi na somo wake," yakifuatiwa na jina kamili la yule mwanamke, kazi yake na mtaa wake. Jina hilo silitaji hapa.

Uchambuzi

Upande wa mitambo sina mengi. Kuskani nyumbani kwa mtu kulijenga imani kuliko barua yoyote, na kuskani migongo kulitupatia tarehe. Haki ya kujiondoa ilitugharimu albamu, lakini isingekuwepo tungegharimika zaidi, maana Bi Z. angebaki akijiona ametekwa.

Kosa letu halikuwa la kijana aliyeandika. Aliandika alichosikia. Lilikuwa kwenye fomu, kwa sababu tulidhani mwenye karatasi ndiye mwenye picha. Mle ndani mlikuwa na watu wawili, na kila mmoja ana wajukuu wanaokaa mwendo wa dakika tano kutoka kwa mwenzake. Sheria haikutusaidia hapo. Hakimiliki ya picha Kenya hudumu miaka 50, ile ya arusi ilikwisha kuvuka muda huo zamani, na sisi tukaona kimya cha sheria ni ruhusa.

La pili ni la ufundi wa masimulizi. Tulikuwa na sauti moja kuhusu picha moja, na sauti hiyo ilitoka ndani ya nyumba yenye cheo. Bi Z. hakusema uongo. Inawezekana kabisa yule mama alizaliwa na mzalia, yaani mtumwa aliyezaliwa humo humo, wa nyumba ile, na pia akawa somo aliyeitwa kwa heshima na kulipwa kwa kazi yake. Chetezo mkononi kinaweza kuwa alama ya utumishi, au ya mwenye amri ya arusi. Nimewauliza wanawake wanne wazee tangu hapo. Watatu walisema siku kama ile somo ndiye anayewaamuru wote, na mama wa bibi arusi naye yumo. Picha ilikuwa na jibu muda wote: anavyosimama mlangoni, anavyoangalia kamera bila kuinama. Sisi tulikwenda moja kwa moja kwenye neno tulilopewa.

Tulibadilisha utaratibu. Sasa picha hazipelekwi ukutani kabla hazijapita mkekani. Tunazitandaza bila maelezo yoyote mbele ya wazee wa mtaa, wanawake siku yao na wanaume siku yao, na lazima wawepo watu wasio wa nyumba iliyotoa albamu. Kila mtu aliyemo kwenye picha anaulizwa, hata aliyekatwa nusu ukingoni, hata mpishi, hata mtoto aliyepita. Picha moja siku hizi inaweza kuchukua alasiri nzima. Mama mmoja aliishika ya shule, akatuangalia sote: "Wote hamumuyui huyu?" Akatupa majina kumi na moja. Simu huwekwa kwenye kapu mlangoni, na maelezo ya kila picha husomwa kwa sauti mbele ya jamaa za waliomo kabla ya kuchapishwa.

Utaratibu huo ni wa polepole na unatupotezea wafadhili wanaotaka hesabu ya picha kila mwezi. Tumekubali.

Lililobaki bila dawa ni Bi Z. Alitoa kilicho bora alichonacho kwa nia njema, akaaibishwa na sisi, si na Bi R. Tumekwenda kumtaka radhi, akapokea. Nikipita na kumkuta dakani mwake nampa masalkheri, ananijibu vizuri na kuniuliza watoto. Albamu iko kabatini, na yeye ameanza kuona vibaya jicho moja.